Ugonjwa wa Mungu, Ugonjwa wa Watu

Magharibi mwa mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukitoka Himbi ukielekea Kyeshero, Bulengo hadi Mugunga, kuna mabonde madogo na mashimo ya mawe meusi ambamo mbuzi akishuka alfajiri hapandi tena. Wenyeji tunayaita mazuku. Ni kaboni dioksidi inayopanda kutoka chini ya ardhi yetu ya volkeno. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutulia chini kabisa ya shimo. Usiku na asubuhi, baridi ikiwa kali na upepo umelala, hujaa. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza kuvuma, hutawanyika. Mtu mzima anaweza kupita pale akiwa wima asione kitu, huku mtoto anayemfuata nyuma akianguka. Hata huyo mtu mzima akiinama kuokota kuni, huenda asiinuke.

Sasa mtoto yule ameuawa na nini?

Mtaalamu wa volkeno atasema gesi, na ni kweli. Lakini gesi hiyo hiyo ilimfika baba magotini asife, kwa hiyo urefu wa mtu nao umo katika kisa. Bila shimo, gesi ingepeperuka. Bila ubaridi wa alfajiri, vilevile. Na kwa nini mtoto alikuwa pale saa hiyo? Mwaka 2023 na 2024 maelfu kwa maelfu ya watu waliokimbia vita Masisi na Rutshuru walijenga vibanda vya turubai juu ya mawe ya lava upande huo wa mji, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Mwenyeji wa Bulengo anajua shimo lipi la kukwepa. Mtu aliyefika jana hajui. Basi vita navyo vimo. Ondoa kimojawapo kati ya hivi vyote, mtoto yuko hai.

Mimi nilisoma falsafa kabla maisha hayajanipeleka kwenye kazi ya afya ya jamii, kazi ya kuzunguka kartie kwa kartie, yaani mtaa kwa mtaa, na kukaa na watu tukiongea habari za maji, vyoo na chanjo. Chuoni tulikariri sababu nne za Aristotle ili tufaulu mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba swali lile lile linaulizwa kila wiki kwenye matanga ya Katoyi na Mabanga, kwa ukali kuliko darasani, na kwamba jibu lake linaweza kumfukuza mwanamke nyumbani kwake.

Nililiona kwetu. Baba yangu mdogo alikuwa msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mtu wa mabega, mwenye kushusha magunia ya viazi kutoka Kibumba bila kusimama kupumzika. Akaanza kukonda. Tumbo likajaa, miguu ikawa myembamba, macho yakageuka manjano. Familia ikakaa kwa shangazi, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mkeka. Binamu yangu muuguzi alikuja na karatasi ya hospitali akaisoma taratibu, akifafanua: ini, hepatiti B, uvimbe uliokwisha kukua. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaikunja ile karatasi mara mbili, akamrudishia mkononi kwa upole kabisa, akasema: "Mwanangu, hii inaeleza namna anavyokufa. Sisi tunauliza ni nani." Mzee mmoja pembeni akaongeza, "Ile si ugonjwa ya Mungu. Ni ya watu."

Ndipo karuho ikatajwa. Kwa msomaji asiye wa Kivu: karuho ni sumu ya polepole ambayo watu wa huku wanaamini mtu hutiliwa kwenye chakula au kinywaji, ikamla ndani kwa ndani miezi mingi. Mazungumzo yakageuka hesabu. Alikula wapi Pasaka? Alikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa nani? Jina la mjane mmoja jirani, muuza kasiksi, lilitajwa kwanza kwa sauti ya chini, halafu kwa sauti ya kawaida, halafu likawa ndilo jina pekee lililobaki sebuleni. Yule mama alihama kabla matanga hayajaisha. Aliuza meza na viti vyake kwa haraka, na wateja wake wa jana hawakumsaidia hata kubeba pipa.

Ni rahisi kusema huo ni ujinga. Mimi sisemi hivyo. Katika miaka ya 1920 mwanaanthropolojia Mwingereza, Evans-Pritchard, aliishi kati ya Wazande upande wa Sudan, ndugu wa Wazande wetu wa Uele. Aliona kwamba ghala la nafaka likiangukia watu waliokaa kivulini mwake, kila Mzande anajua kuwa mchwa wamekula nguzo. Hilo halina mjadala. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ile ile walipokaa watu wale wale. Sayansi hapo husema: mchwa walikuwa na mwendo wao, watu na jua walikuwa na mwendo wao, mienendo miwili imekutana. Ni jibu la kweli, na mtu aliyefiwa halimtoshi, maana hakuuliza kuhusu mchwa.

Kwa hiyo swali la shangazi nalikubali. Kwa nini huyu, kwa nini sasa: hata daktari mwenyewe anauliza akiona watu kumi wa nyumba moja wamekunywa maji ya ndoo moja na wawili tu wameugua. Nisichokikubali ni kwamba jibu la "nani" lisamehewe mtihani ambao majibu mengine yote yanafanyiwa. Mskoti David Hume, mwaka 1748, aliuweka mtihani huo kwa urahisi: ukitaka kusema hiki ndicho chanzo cha kile, uliza kama hiki kisingekuwapo, je, kile kingetokea? Tumweke mjane wetu hapo. Kama asingewahi kuuza kasiksi katika kartie ile, je, ini la baba mdogo lingekuwa zima? Virusi vya hepatiti B viliingia mwilini mwake huenda tangu alipokuwa mtoto mchanga, kama inavyotokea kwa watu wengi wa bara letu, miaka mingi kabla hajaijua ladha ya kasiksi. Mjane anatoka kwenye orodha. Anatoka kabisa, hata kama sisi sote sebuleni tungekubaliana kwamba alikuwa na kijicho.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sumu ya polepole ipo kweli. Inaitwa aflatoksini. Iligunduliwa baada ya maelfu ya batamzinga kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa unga wa karanga ulioota ukungu. Karanga na mahindi yakivunwa na mvua, yakakaushwa vibaya, yakarundikwa kwenye magunia gizani, ukungu huo huota na kuacha sumu isiyoonekana, wala haiondoki kwa kupikwa. Mtu huila kidogo kidogo kwa miaka. Ukiwa na hepatiti B, hatari ya saratani ya ini iko juu. Ukila aflatoksini, iko juu. Ukiwa na vyote viwili, hatari hazijumlishwi, zinazidishana. Sijui karanga za baba mdogo zilitoka ghala gani. Lakini wazee wale walisema kuna kitu kimetiwa kwenye chakula na kinaua taratibu, na kwa upande huo hawakuwa mbali na ukweli. Walikosea walipoutafuta mkono wa jirani. Hakuna adui aliyetia. Kuna barabara mbovu, mvua isiyo na turubai, na soko ambalo hakuna anayelipima gunia kabla halijauzwa.

Tuje kwenye kipindupindu, kolera kama tunavyosema hapa, maana hakuna ugonjwa uliowagombanisha wanafikra kuhusu chanzo kama huu, na hakuna mji unaoujua kama wetu.

Nenda Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu, asubuhi. Akina mama na watoto wanashuka na mabidoni ya njano ya lita 20, wanayajaza ziwani, hatua chache kutoka wanapofua wengine na wanapooshwa samaki. Wakipanda wanampita kijana aliyekaa chini ya turubai na ndoo ya klorini na sirinji isiyo na sindano. Anavuta dawa hadi alama, anapiga ndani ya bidoni, anafunga kifuniko, anaitikisa, anasema, "Mama, ngojea nusu saa mbele ya kunywa." Mama anaitikia, anaifunga bidoni mgongoni kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso, anapanda. Yule kijana na sirinji yake ameshachukua upande katika ubishi wa zaidi ya miaka 150, ingawa hana muda wa kuufikiria, foleni ni ndefu.

Upande wake ni wa daktari Mjerumani Robert Koch. Mtaliano Filippo Pacini alikuwa amekwisha kumwona mdudu wa kolera kwa hadubini Firenze mwaka 1854, na hakusikilizwa. Mwaka huo huo, London, daktari John Snow aliwashawishi wakubwa wa mtaa waondoe mpini wa pampu ya Broad Street kwa sababu orodha yake ya vifo ilielekeza kwenye kisima kile. Koch akamtenga mdudu mwenyewe Calcutta mwaka 1884, akasema: huyu hapa, bakteria aitwaye vibrio, kila mgonjwa anaye. Chanzo ni kimoja na kina jina.

Mpinzani wake alikuwa mwanasayansi mzee wa Munich, Max von Pettenkofer. Yeye hakukana kwamba vibrio yupo. Alisema vibrio peke yake hatoshi: kuna mbegu, aliyoiita x, na kuna hali ya udongo na mahali, y, na mpaka vyote viwili vikutane hakuna sumu, hakuna ugonjwa. Tarehe 7 Oktoba 1892, akiwa na miaka 73, akanywa mchuzi wa vibrio mbele ya mashahidi. Akaharisha kidogo, basi. Hakufa. Msaidizi wake Emmerich akafanya vivyo hivyo, akaugua zaidi kidogo, naye akapona.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama cha mzee mkaidi aliyeponea chupuchupu. Mimi naona kuna zaidi. Alikosea juu ya udongo, na kosa hilo lilikuwa na gharama ya damu: mwaka huo huo Hamburg ilikuwa ikinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na watu wapatao 8,600 walikufa. Altona, mji uliopakana nayo hata usione mpaka, ilichota maji hayo hayo chini ya mto, baada ya Hamburg kumwaga uchafu wake humo, lakini iliyachuja kwa mchanga. Altona ikasalimika kwa sehemu kubwa. Kama udongo ndio ungekuwa shina la jambo, barabara moja isingegawa vifo namna ile. Hata hivyo Pettenkofer huyo huyo ndiye aliyeisukuma Munich kujenga mifereji ya maji taka na kuleta maji safi kutoka milimani, na homa ya matumbo ikapungua sana. Nadharia yenye kosa ilijenga mabomba. Na alichosema kwamba mdudu peke yake hatoshi, tumbo lake lenyewe lilikithibitisha.

Maana ni hivi: wengi wanaommeza vibrio hawaugui kabisa, au wanaharisha tu siku mbili. Asidi ya tumbo huwaua wadudu wengi; mwenye njaa ya muda mrefu anayo kidogo. Watu wa damu ya kundi O wakishikwa, hushikwa vibaya zaidi kuliko wengine. Koch alitaka mdudu wa ugonjwa asionekane kwa mtu mzima wa afya, na kolera ilimkatalia sharti hilo mapema.

Na bado kuna chumba kingine ndani ya chumba. Mwaka 1996 watafiti wawili Marekani, Waldor na Mekalanos, walionyesha kwamba ile sumu inayomwaga maji yote ya mwili haikuwa mali ya vibrio tangu asili. Jeni yake imebebwa na kirusi kinachoambukiza bakteria, kikajipachika ndani yake. Vibrio asiye na kirusi hicho huishi zake kwenye maji ya chumvichumvi ya pwani, amejibandika kwenye viumbe vidogo vya majini, wala haleti mlipuko tunaoujua. Sasa chanzo ni vibrio, au kirusi kilichomo ndani ya vibrio, au sumu ambayo kirusi kiliileta? Ukidhani kwamba kuchimba zaidi kutakufikisha kwenye chanzo kimoja halisi, hapo chini unakuta tena vitu vinavyohitaji kukutana.

Mwaka 1976 mtaalamu wa epidemiolojia Kenneth Rothman aliliweka jambo hili kwa namna ambayo mimi huifundisha vijana wangu hadi leo. Ugonjwa hutokea pale seti nzima ya sababu inapokamilika. Kila kimoja ndani ya seti ni chanzo kwa haki yake, kwa sababu kikikosekana seti haikamiliki. Baadhi ni vya lazima: bila vibrio hakuna kolera, na hapo Koch ana haki yake yote. Lakini kuwa cha lazima hakukifanyi kiwe cha kutosha. Na hapa kuna jambo linalowashangaza hata wauguzi: asilimia hazigawanyiki. Watu hupenda kuuliza kolera ya Goma ni asilimia ngapi mdudu na ngapi umaskini, kana kwamba zitajumlika kuwa 100. Kolera ya Goma ni asilimia 100 ya vibrio. Pia karibu asilimia 100 ni ya kukosa maji ya bomba yaliyotiwa dawa. Sentensi zote mbili ni za kweli kwa pamoja.

Wenye umri wangu na zaidi hawana haja ya kuelezwa. Julai 1994, ndani ya siku chache, wakimbizi kutoka Rwanda wanaokadiriwa kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma na kandokando yake. Ardhi ni lava. Huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kaburi. Sururu inagonga jiwe na kurudi. Maji yalikuwa ya ziwa. Kolera ikathibitishwa ndani ya juma la kwanza, aina isiyosikia dawa za tetrasaiklini wala doksisaiklini, na kuhara damu kukafuata nyuma yake. Hesabu zilizochapishwa baadaye na wataalamu waliokuwapo zinaweka waliokufa mwezi wa kwanza kuwa karibu 50,000, wengi wao kwa kuhara. Kolera ni ugonjwa ambao, ukipewa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo na kwa wakati, na dripu kwa waliozidiwa, haupaswi kuua hata mmoja katika kila wagonjwa 100. Kwa hiyo mtu akisema "waliuawa na vibrio" amesema kweli, na wakati huo huo ameyaacha nje mambo yote ambayo binadamu waliyafanya.

Ndiyo maana nampenda Rudolf Virchow. Mwaka 1848, akiwa daktari wa miaka 26, serikali ya Prussia ilimtuma Silesia ya Juu kuchunguza homa ya tifasi iliyokuwa ikiwamaliza wakulima wa Kipolandi. Walitarajia ripoti ya dawa. Alirudi na ripoti inayodai uhuru, elimu, kodi za haki, na watu wasomeshwe kwa lugha yao. Mwaka uliofuata akapoteza kazi yake Berlin. Mdudu wa tifasi na chawa anayembeba vilikuwa bado havijajulikana, na yeye hakuvijua. Lakini aliloliandika lilipita mtihani wa Hume: kama wakulima wale wangekuwa na chakula, nguo za kubadilisha na nyumba zisizosongamana, wasingekufa kwa maelfu.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Kati ya vitu vinavyodaiwa kuwa chanzo, vingine ni vya uongo, na hivyo vitupwe bila huruma, kama tulivyopaswa kumtoa mjane. Vinavyobaki, vyote ni vya kweli. Kati ya hivyo vya kweli, tunapokichagua kimoja na kukiita "chanzo", maabara haituchagulii. Sisi ndio tunaochagua, na tukichagua tunakuwa tumeshasema nani atabeba mzigo. Tazama bango lolote la afya mjini. Linasema nawa mikono, chemsha maji, funika chakula. Chanzo kilichoandikwa pale ni mikono ya mama. Ni kweli mikono inaambukiza. Lakini mama wa Ndosho anayenunua maji kwa bidoni, na kuchemsha kwa makaa ambayo bei yake inapanda kila barabara ikifungwa, anaishi karibu na ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 400 lililojaa maji matamu. Bango linamwambia yeye. Sijaona bango lililoandikiwa wale wanaopanga bajeti ya mabomba.

Ebola ilitufundisha hili kwa uchungu. Mlipuko uliotangazwa Agosti 2018 ulianzia upande wa Mangina na Beni, ukafika Goma Julai 2019, ukaisha Juni 2020 ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200. Uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mnamo Septemba 2018 ulikuta kwamba mtu mmoja hivi kati ya wanne hakuamini kuwa Ebola ipo. Wageni waliandika kuhusu imani potofu. Mimi nilipokuwa naongea na watu waliotoka huko nilisikia swali lingine, na lilikuwa swali la shangazi: kwa nini sasa? Tangu Oktoba 2014 raia wanachinjwa Beni kwa mapanga, usiku kwa usiku, na hakuna magari meupe yaliyokuja kwa wingi namna hii. Malaria na surua vinaua watoto kila mwaka, hakuna aliyekuja. Ghafla, kwa ugonjwa huu mmoja unaoweza kupanda ndege, mabilioni yanatoka. Kisha Desemba 2018 wananchi wa Beni na Butembo wakaambiwa hawatapiga kura na wenzao, na Ebola ikatajwa kama sababu, ingawa masoko na makanisa yalikuwa wazi. Kituo cha wagonjwa Beni kikavamiwa siku hizo hizo.

Kusema kirusi hakipo ni uongo, na uongo ule uliua watu, wauguzi wetu wakiwemo. Nililisema hilo wazi kwenye kila mkutano. Lakini ndani ya uongo ule mlikuwa na swali la haki, na waliojibu kwa picha ya kirusi na popo hawakulijibu. Waliulizwa kwa nini maisha yetu yana thamani leo tu. Wakajibu namna ugonjwa unavyoenea.

Nimalizie na mihogo, chakula chetu cha kila siku. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa letu kati ya Goma na Bukavu, watafiti wa Brussels na wa kituo cha Lwiro walikuta miaka ya 1960 jambo la ajabu. Kaskazini mwa kisiwa watu wengi sana walikuwa na goita, shingo zimevimba. Kusini magharibi ni wachache. Kila mwanafunzi wa udaktari anajua chanzo cha goita: upungufu wa madini joto. Wakapima. Upungufu ulikuwa karibu sawa pande zote mbili. Kilichotofautiana kilikuwa chakula: mihogo inayotayarishwa vibaya hutoa sianidi, mwili huigeuza tayosianeti, nayo huzuia tezi ya shingo kuchukua hata kile kidogo cha madini kilichopo. Upungufu peke yake haukutosha. Mihogo peke yake, pale penye madini ya kutosha, haidhuru shingo.

Kisha vita vikaja, na sianidi hiyo hiyo ikaleta kitu kibaya zaidi. Konzo, ugonjwa uliojulikana zamani Kwango, kusini magharibi mwa nchi, ulionekana Burhinyi, Kivu Kusini. Mtu, mara nyingi mtoto au mama kijana, anaamka asubuhi miguu imekakamaa, na haitarudi kuwa kama zamani maisha yake yote. Mihogo michungu inahitaji kulowekwa siku kadhaa ili sumu itoke, na mwili unahitaji maharage au samaki ili uimudu ile inayobaki. Mahali ambapo shamba linaporwa, ambapo usiku unalala porini na mbuzi wote wamechukuliwa, siku za kuloweka zinapunguzwa na maharage hayapo. Wanakijiji wanasema wamerogwa. Mkemia anasema sianidi. Mtu wa lishe anasema protini. Wawili hawa wa mwisho wanaweza kukaa meza moja na kupatana kwa muda wa saa moja wakiacha uchawi nje. Anayemwambia mama yule kwamba chanzo ni haraka yake ya kupika amesema jambo ambalo kemia inaliunga mkono, na bado amemwonea.

Katika ripoti zetu za kila wiki tunahesabu wagonjwa wapya na vifo, ugonjwa kwa ugonjwa, eneo kwa eneo. Nimeomba, na nitaendelea kuomba, tuongeze safu nyingine kando ya zile za kolera: bomba la karibu liko umbali gani, wiki hii limetoa maji siku ngapi, na bidoni moja imeuzwa kwa bei gani. Vibrio tunamwandika tayari. Hizo nyingine nazo ni sababu, zinapimika kwa kutembea na kuuliza tu, na kila moja ina mtu au ofisi ambayo kazi yake ni kuzishughulikia.